Kuondoa mandharinyuma ya picha kwa akili mnemba: kazi iko ukingoni

Mwanamke mmoja niliyemtengenezea ukurasa wa wafanyakazi wake alinipigia simu siku ileile nilipopakia picha. "Kaka," akaniambia, "hizi siyo nywele zangu." Nikafungua ukurasa, nikaikuza picha yake. Alisema kweli. Nywele zake za asili, zile zinazosimama na kujikunja kila upande, programu ilikuwa imezinyoa zikabaki duara laini kama kofia ya kuogelea. Kulizunguka lile duara palikuwa na mstari mwembamba wa kijani, rangi ya majani ya bustani alikopigiwa picha. Nilikuwa nimebonyeza kitufe kimoja, nikaona picha ndogo imetoka safi, nikaipakia bila kuitazama kwa karibu. Nilimwomba radhi. Kazi niliyoifanya kwa sekunde 5 ilinichukua dakika 40 kuirudia.

Tangu hapo nina utaratibu, na ndio ninaouandika hapa. Zana za akili mnemba nazipenda na nazitumia kila siku. Sitamani hata kidogo kurudi kwenye kuzungusha mstari wa kukatia kwa mkono saa nzima. Ila zinachokiweza ni sehemu ya ndani ya kitu. Ukingo zinakuachia wewe.

Programu inakisia nini

Ukibonyeza kitufe cha kuondoa mandharinyuma, au bakgraundi kama wengi wetu tunavyosema, hakuna mkasi unaopita mahali popote. Programu inaipa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya rangi inayounda picha, namba kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake pikseli isionekane kabisa, 255 ionekane yote, na namba za katikati ni kuonekana nusunusu. Namba hizo zote kwa pamoja ndizo chaneli ya alfa. Zikiwa zimewekwa kando kama picha ya nyeusi na nyeupe, tunaziita maski.

Katikati ya shati hakuna shida, pale ni 255 tu. Shida ni unywele. Chukua pikseli moja ambayo unywele umefunika asilimia 40 yake na asilimia 60 iliyobaki ni jani la nyuma. Kamera haikuhifadhi vitu viwili pale. Ilihifadhi rangi moja iliyochanganyika, nyeusi yenye ukijani. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha hesabu ya kuchanganya tabaka za picha, yaani picha zilizolazwa moja juu ya nyingine, ambayo programu za picha zinaitegemea mpaka leo: rangi unayoiona ni rangi ya mbele mara alfa, jumlisha rangi ya nyuma mara kiasi kilichobaki. Kuondoa mandharinyuma ni kuirudisha hesabu hiyo kinyume. Una jibu, unatafuta rangi ya mbele, rangi ya nyuma na alfa, vyote vitatu havijulikani. Kwa hiyo programu inakisia.

Zana nyingi zinakisia alfa peke yake na kuiacha rangi kama ilivyokuwa. Hata ikipatia ile asilimia 40 sawasawa, pikseli yenyewe bado ina ukijani wa jani. Ule mstari wa kijani kichwani kwa yule dada ulitoka hapo. Ukilielewa hili utajua kwa nini kupunguza au kuongeza maski hakuondoi rangi ya kigeni kwenye nywele: maski na rangi ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Jambo la pili linahusu ukubwa. Modeli, yaani ile sehemu ya programu iliyofunzwa kukisia, haziko sawa. Ile ya U2-Net, iliyotoka mwaka 2020 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta na ambayo bado imo ndani ya zana nyingi za bure, haiitazami picha yako kwa ukubwa wake. Inaipunguza hadi pikseli 320 kwa 320, inatengeneza maski ya ukubwa huo, kisha maski inavutwa irudi kwenye ukubwa wa awali. Picha yenye upana wa pikseli 3000 ina maana kila pikseli ya maski imefunika zaidi ya pikseli 9 za picha kwa upana. Unywele utaonekana vipi hapo? Modeli za baadaye kama IS-Net ya mwaka 2022 zinafanya kazi kwa 1024 kwa 1024, na utaiona tofauti mara moja kwenye vidole na kamba za viatu.

Kutokana na hili natoa ushauri ambao umenisaidia kuliko kubadilisha zana: kata picha kwanza. Kama mtu amesimama katikati ya picha pana, punguza pande zote mpaka abaki yeye na nafasi kidogo kumzunguka, ndipo uipeleke kwenye programu. Zile pikseli 320 au 1024 zitatumika kwa mtu badala ya kupotelea kwenye ukuta na anga. Usimbane mno, kwa kuwa modeli inahitaji kuona kidogo kilichopo nyuma ili iweze kukitenganisha na mtu.

Picha unayoanzia

Picha mbovu haiokolewi na zana yoyote. Ukiitoa kwenye tovuti, usihifadhi kile kijipicha kinachoonekana kwenye matokeo ya utafutaji. Fungua ukurasa wenyewe na utafute toleo kubwa kabisa. Usipige picha ya skrini. Faili ya JPEG iliyobanwa sana ina madoa ya miraba ya pikseli 8 kwa 8, na miraba hiyo huonekana zaidi kwenye ukingo, palepale unapopahitaji.

Kuna mtego ninaowaonya wote ninaowafundisha. Unatafuta picha isiyo na mandharinyuma, unaipata ikiwa juu ya miraba ya kijivu na nyeupe, unaipakua kwa furaha, unaiweka kwenye ukurasa, na miraba inakuja nayo. Miraba ilikuwa sehemu ya picha. Kama jina la faili linaishia na jpg huna haja ya kujiuliza, JPEG haina uwezo wa kuhifadhi uangavu, yaani pikseli zisizoonekana. Kama ni PNG, weka tabaka la rangi moja chini yake. Miraba ikibaki, ni ya kuchorwa. Kuipitisha picha hiyo kwenye akili mnemba ni kujitesa, kwani miraba hubaki kwenye kila upenyo kati ya mkono na kiuno. Tafuta nyingine.

Na kabla ya yote, hakikisha unaruhusiwa kuitumia. Kuondoa mandharinyuma hakuifanyi picha kuwa yako. Leseni za Creative Commons zenye alama ya BY zinakutaka umtaje mwenye picha, na zenye ND haziruhusu kusambaza toleo ulilolibadilisha, na kukata mandharinyuma ni kubadilisha.

Kuchagua zana

Mimi nazigawa kwa swali moja: picha inakwenda wapi? Huduma za kwenye kivinjari, kama remove.bg iliyoanza mwaka 2018, zinaipeleka picha kwenye seva yao, yaani kompyuta yao iliyo mbali. Ni nyepesi na matokeo yake ni mazuri. Kwa picha ya kiti au kiatu sina wasiwasi nazo. Kwa picha za watoto, za wagonjwa, za vitambulisho, au za bidhaa ambayo mwenye nayo hajaitangaza, sizipeleki popote. Angalia pia vipimo vya faili unayorudishiwa, maana huduma nyingi za bure hukupa picha ndogo na kuuza ile kubwa.

Huenda zana unayo tayari. Kwenye iPhone, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, ukibonyeza mtu au kitu kwenye picha bila kuachia kidole, kinanyanyuka peke yake ukakinakili. Paint ya Windows 11 nayo ina kitufe cha kuondoa mandharinyuma.

Ninayoitumia zaidi ni rembg, programu huria inayotumia lugha ya kompyuta ya Python na kufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Mara ya kwanza inapakua modeli, ile ya U2-Net ikiwa na takriban MB 176, na baada ya hapo inafanya kazi hata bila intaneti. Amri yake, unayoiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal), ni fupi:

`rembg i kiti.jpg kiti.png`

Ukitaka modeli ya IS-Net:

`rembg i -m isnet-general-use kiti.jpg kiti.png`

Na ukiwa na folda nzima, `asili` ikiwa folda ya picha zako na `matokeo` folda ya zilizokatwa:

`rembg p asili matokeo`

Ukiongeza `-a`, inajaribu kukokotoa ukingo laini zaidi, jambo linalosaidia nywele na manyoya ingawa inachukua muda. Kwenye vitu vyenye kingo kali kama sanduku au kitabu usiiongeze, ukingo utakuwa na ukungu usio na maana.

Kutazama kwenye rangi tatu

Hatua hii ndiyo niliyoiruka siku ile. Fungua matokeo kwenye GIMP, Photoshop, Photopea au programu yoyote yenye tabaka. Chini ya picha weka matabaka matatu: jeusi, jeupe, na la waridi iliyokolea. Liwashe moja, zima mengine, pitia ukingo wote ukiwa umekuza hadi asilimia 200 au 300, kisha badilisha. Tabaka jeusi linaonyesha mstari mweupe uliobaki wa ukuta. Jeupe linaonyesha vivuli na uchafu. Waridi inaonyesha mashimo, yaani sehemu za ndani ya shati au uso ambazo programu imezifanya nusu angavu bila wewe kujua. Nimewahi kukuta jicho zima limetobolewa kwa sababu mng'ao wa miwani ulifanana na dirisha la nyuma.

Pita polepole kwenye masikio, vidole, fremu za miwani, mikanda ya mikoba, miguu ya viti, na kila upenyo ambao mandharinyuma inaonekana kupitia kwake.

Baiskeli

Niieleze picha moja kwa kina, kwa sababu ina karibu kila tatizo. Ilikuwa baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta wa kijivu hafifu, picha ya upande, upana wa pikseli 2400. Mzunguko wa kwanza, kwa modeli ya kawaida, ulinirudishia umbo la baiskeli lililojaa ukuta: pembetatu ya fremu imejaa kijivu, magurudumu yote mawili yamejaa kijivu kama sahani. IS-Net iliifungua pembetatu vizuri. Magurudumu ikayafanya kitu kibaya zaidi, ikabakiza spoku kadhaa na kuzifuta nyingine, hivyo gurudumu likawa kama limevunjwavunjwa.

Spoku ilikuwa na unene wa pikseli 2 hivi. Picha ikipunguzwa hadi 1024, spoku haifikii pikseli moja. Modeli haiwezi kukisia isichokiona, kwa hiyo niliacha kuilazimisha.

Nilifanya hivi. Fremu, kiti, usukani na matairi niliyachukua kutoka IS-Net. Kwa ndani ya magurudumu nilitumia mwanga wenyewe wa picha, maana spoku zilikuwa za giza na ukuta ulikuwa mweupe-mweupe. Nilinakili picha ya asili, nikaiondolea rangi ikabaki kijivu, nikaongeza utofauti wa giza na mwanga mpaka ukuta ukawa mweupe kabisa na spoku nyeusi kabisa. Kisha nikaigeuza, spoku zikawa nyeupe na ukuta mweusi. Hiyo tayari ni maski: nyeupe inaonekana, nyeusi inafichwa. Niliiweka kwenye nakala ya picha ya asili, nikaibana ndani ya duara mbili za magurudumu peke yake, na spoku zote zikarudi zikiwa nyembamba kama zilivyo. Pale jua lilipopiga spoku na kuzifanya ziwe nyeupe kama ukuta palikuwa na mapengo. Hayo niliyaziba kwa brashi ndogo nyeupe kwenye maski, nikibonyeza mwanzo wa spoku na mwisho wake huku nimeshikilia kitufe cha Shift ili mstari unyooke. Dakika 20 kwa magurudumu yote mawili.

Njia hii inakubali popote penye vitu vyembamba vya giza juu ya rangi moja ya mwanga, au kinyume chake: matawi juu ya anga, waya, wavu wa goli.

Kurekebisha nywele na ukingo

Usitumie kifutio. Ukifuta, pikseli imekwenda. Tumia maski ya tabaka, ambapo brashi nyeusi inaficha na nyeupe inarudisha, ili ukikosea urudi nyuma hata wiki ijayo. Na iweke picha ya asili kwenye tabaka la chini kabisa, imezimwa.

Kwa vitu vyenye kingo kali, mstari wa rangi ya zamani unaondoka kirahisi: ipunguze maski kwa pikseli 1 kuelekea ndani, kisha ilainishe kwa nusu pikseli. Usifanye hivyo kwenye nywele, utazinyoa, na simu niliyopigiwa mimi utapigiwa wewe.

Nywele zinataka hatua mbili. Kwanza irudishe maski: chukua brashi nyeupe yenye nguvu ndogo, asilimia 20 hadi 30, upake juu ya ukingo wa nywele mpaka mikunjo ianze kuonekana tena. Rangi ya nyuma itarudi pamoja nayo, na ndivyo inavyotakiwa kwa sasa. Pili, ishughulikie rangi. Weka tabaka jipya juu, lifunge kwenye tabaka la mtu ili lisitoke nje yake, lipe hali ya kuchanganya inayobadilisha rangi bila kugusa mwanga. Chukua rangi ya nywele kutoka ndani, mahali palipo mbali na ukingo, upake kwenye ukingo. Kijani kinakufa, mwanga na kivuli cha kila unywele vinabaki. Pale ambapo jani la nyuma lilikuwa na mwanga mwingi, ongeza tabaka lingine la kukoleza giza, ulipake kidogokidogo.

Usijaribu kuokoa kila unywele uliojitenga. Vinywele vitatu vinavyoelea peke yake huonekana kama mikwaruzo. Kinachomfanya mtu ajitambue ni umbo la jumla la nywele na ulaini wa ukingo wake.

Vitu vya kioo na vingine vinavyoonyesha ng'ambo navikataa waziwazi. Bilauri, chupa tupu, pazia jepesi: mandharinyuma ya zamani imo ndani ya kitu chenyewe, na programu ama itaubakiza ukuta ndani ya bilauri ama itaitoboa. Namwomba mwenye picha aipige upya mbele ya kitu cha rangi moja tulivu, inayokaribiana na rangi ya ukurasa.

Kuhifadhi na kuweka kwenye ukurasa

Hifadhi kwa PNG au WebP, zote mbili zinabeba alfa kamili. WebP, ambayo Google iliitoa mwaka 2010, kwa kawaida inakupa faili ndogo zaidi, nami ndiyo ninayoipakia. GIF inajua kuonekana au kutoonekana tu, hakuna katikati, hivyo ukingo unakuwa wa meno ya msumeno. JPEG itakujazia rangi nyuma.

Kabla ya kuhifadhi, kata nafasi tupu inayozunguka kitu, kisha punguza ukubwa: kama picha itaonekana kwa upana wa pikseli 400, ihifadhi kwa 800 ili iwe kali kwenye skrini za simu. Kupunguza huku pia kunaficha makosa madogo ya ukingo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pikseli yenye alfa 0 haionekani, lakini rangi yake inaweza kubaki ndani ya faili. Mtu akiifungua na kuiondoa chaneli ya alfa, chumba ulichodhani umekifuta kinarudi. GIMP, unapohifadhi PNG, ina kisanduku cha kuuliza kama rangi za pikseli angavu zihifadhiwe, kiondolee alama. Na taarifa za kamera zilizomo kwenye faili, ambazo zinaweza kuwa na mahali picha ilipopigwa, ziondoe hapohapo.

Kitu kilichokatwa hupoteza kivuli chake na kuonekana kinaelea. Kwenye CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, usitumie `box-shadow`, hiyo inachora kivuli cha mstatili wote. Tumia `filter: drop-shadow(0 6px 8px rgba(0,0,0,.3))`, inafuata umbo la alfa. Kisha fungua ukurasa kwenye simu halisi, mara moja kwa mwonekano mweupe na mara moja kwa mwonekano mweusi.

Faili lenye matabaka na maski zake silifuti hata kazi ikishalipwa. Yule dada wa nywele, miezi michache baadaye, aliamua ukurasa wake utoke kwenye weupe uwe wa bluu iliyokolea. Nilifungua faili, nikaweka bluu ile chini, nikaona sehemu mbili juu ya sikio la kushoto bado zina weupe kidogo, nikazipaka, nikahifadhi upya. Picha ikawa imerudi kwenye ukurasa kabla hatujamaliza kuzungumza kwenye simu.